Taharuki ya Nani?

Neno taharuki lina maisha mawili. Darasani, mwalimu wa fasihi huliandika ubaoni pamoja na mbinu nyingine za kisanaa, karibu na mbinu rejeshi na tashibiha, na mwanafunzi anayeeleza vizuri jinsi mwandishi alivyoijenga hupata alama zake. Nje ya darasa neno hilohilo hutokea kwenye vichwa vya habari na kwenye taarifa za polisi: mwili umeokotwa, uvumi umesambaa, taharuki imetanda mtaani, na mtu fulani anashikiliwa kwa tuhuma za kuizua. Kwenye riwaya, kuzua taharuki ni kipaji. Sokoni ni kosa.

Neno limetoka Kiarabu, na asili yake ni kusogea, kutikisika, kutotulia mahali pamoja. Maisha yake yote mawili yamebeba maana hiyo. Msomaji wa riwaya hatulii mpaka afike ukurasa wa mwisho, na mtaa wenye uvumi hautulii mpaka apatikane mtu. Tofauti ni kwamba msomaji akifunga kitabu hakuna aliyeumia. Mtaa ukishapata mtu wake, mara nyingi kuna aliyeumia, na si lazima awe yule aliyefanya.

Swali langu basi ni la maadili kuliko la mbinu. Je, ni haki kufurahia kutojua kama mtu yu hai au amekufa, nani alimuua, na nini kinamngoja nyuma ya mlango? Na kama ni haki kitabuni, hiyo furaha inatufundisha nini tunapotoka kitabuni na kurudi kuishi na majirani? Nitalijibu nikiwa na Kigoma na Ujiji mbele yangu, kwa sababu ufuko huu umewahi kuwa mahali pa hadithi maarufu ya taharuki iliyouzwa kwa dunia nzima, na kwa sababu mpaka leo vijiji vyake vinajua taharuki ya aina ya pili kwa gharama kubwa.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alikuwa na mfano aliopenda kuutoa. Watu wawili wanaongea mezani, na chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu likilipuka watashtuka kwa sekunde chache tu. Lakini kama wameonyeshwa bomu, wakaonyeshwa na saa ukutani, basi mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa hayavumiliki: kwa nini hawainuki? Kwa nini hakuna anayeinama kuangalia? Kwa mfano huu, taharuki haitokani na kutojua peke yake. Inatokana na kujua nusu. Asiyejua kitu hana wasiwasi, na anayejua kila kitu hana cha kusubiri.

Riwaya za kigothiki zilianza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto. Vifaa vyake vinafahamika hata kwa asiyesoma hata moja: ngome ya zamani, njia za chini kwa chini, mlango usiofunguliwa, na dhambi ya babu inayowarudia wajukuu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1794, Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho, na humo kuna pazia jeusi ambalo msichana aitwaye Emily analifunua, anaona kilicho nyuma yake, na kuzimia. Msomaji haambiwi alichoona. Anabebeshwa swali hilo kurasa mamia, na karibu na mwisho ndipo anaambiwa kwamba kilikuwa sanamu ya nta. Wasomaji wengine walikasirika. Lakini jibu halikuwa na kazi kubwa humo. Kazi ilifanywa na pazia.

Riwaya ya upelelezi inaanzia upande wa pili. Hapa jambo baya limeshatokea. Maiti iko sakafuni tangu sura ya kwanza, na kilichobaki ni kujua. Mwaka 1966 mhakiki Tzvetan Todorov alieleza kwamba riwaya ya namna hii ina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imeisha kabla kitabu hakijaanza, na hadithi ya upelelezi, ambayo wahusika wake hawafanyi mengi zaidi ya kujifunza. Kwa hiyo swali la kigothiki ni "kuna nini?" na swali la upelelezi ni "nani alifanya?" La kwanza linatazama mbele kwa hofu, la pili linatazama nyuma kwa udadisi.

Tofauti hii ina uzito wa kimaadili ambao hatuutaji sana. Katika hadithi ya kigothiki msomaji husimama pamoja na aliye hatarini. Akishika taa, taa inatetemeka mikononi mwetu. Katika hadithi ya upelelezi msomaji husimama juu ya aliyekwisha kufa. Marehemu ana kazi moja tu, nayo ni kufa mapema. Hatumlilii, na mwandishi akitufanya tumlilie sana hadithi inaharibika, kwa sababu tutashindwa kuhesabu dalili. Riwaya nyingi za zamani za aina hii humpa marehemu tabia mbaya makusudi, awe bahili au mnyanyasaji, ili tusione haya kucheza na kifo chake.

Ziwani kuna kazi inayofanana na ya waandishi hawa, nami naitaja kwa sababu inaeleza jambo moja vizuri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kutoka ufukoni Katonga au Kibirizi, usiku wa giza, taa hizo huonekana kama mji mwingine juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, au wakienda wanarudi na kidogo, kwa sababu mwanga ukiwa kila mahali dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Taa inafaa pale tu inapozungukwa na giza. Na chini ya duara hilo dogo la mwanga, ziwa linashuka hadi mita 1,470, kina ambacho duniani kinazidiwa na Ziwa Baikal peke yake. Mvuvi hajaribu kuliangaza ziwa lote. Huchagua mahali pa kuweka mwanga, na samaki hufuata uchaguzi wake.

Mwandishi wa taharuki naye huchagua. Na hapo ndipo maadili yanapoingia, maana mwanga ukielekezwa kwa mtu mmoja, wengine wote wanaachwa gizani.

Hadithi ya Ujiji ya mwaka 1871 inaonyesha jambo hili waziwazi. Kila mtoto wa shule nchini anaijua kwa muhtasari: David Livingstone alikuwa amepotea, Henry Morton Stanley akatumwa kumtafuta, wakakutana Ujiji chini ya mwembe, Stanley akatoa salamu yake maarufu. Kinachosahaulika ni kwamba Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, New York Herald, na aliyemtuma, James Gordon Bennett mdogo, alikuwa mfanyabiashara wa magazeti. Swali "Livingstone yu hai?" lilikuwa swali zuri la kuuzia gazeti. Lilikuwa na bara lisilojulikana kwa wasomaji wake, mzee mgonjwa, kimya cha miaka, na uvumi wa kifo. Lilikuwa la kigothiki na la kipelelezi kwa pamoja. Hata salamu yenyewe haina ushahidi mwingine wa kutosha, kwa sababu kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa.

Sasa tulitazame swali lile kutoka Ujiji. Ujiji ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, wenye soko, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Waha, na watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Livingstone alifika hapo mara ya kwanza mwaka 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema, akarudi mwishoni mwa 1871 akiwa mgonjwa na mwenye njaa, akakuta mali yake imeuzwa. Watu wa Ujiji walijua yuko wapi. Walijua anaumwa nini na anadaiwa nini. Aliyekimbia kwenda kumpokea Stanley nje ya mji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye kwake bwana huyo hajawahi kupotea hata siku moja. Dunia nzima ilikuwa katika taharuki, na mji wa Ujiji haukuwa na taharuki yoyote.

Hivyo taharuki haikai ndani ya tukio. Hukaa kwa yule asiyejua, na mara nyingi yuko mtu karibu anayejua ila hajaulizwa. Hadithi ya "kupotea" kwa Livingstone iliwezekana kwa sababu maarifa ya Susi, ya Chuma, na ya wachuuzi wa soko la Ujiji hayakuhesabiwa kuwa maarifa.

Na kuna jambo zito zaidi. Katika njia ileile, miaka ileile, walipita watu waliofungwa minyororo. Walitoka Manyema na kwingineko ng'ambo ya ziwa, wakavushwa hadi Ujiji, wakaanza safari ya kwenda pwani. Kila mmoja wao alikuwa na mahali alipotoka, na nyumbani kwao kulikuwa na mama au mke anayeuliza yuko wapi, yu hai. Hayo yalikuwa maswali ya taharuki kuliko lile la Livingstone, na hakuna gazeti lililotuma mtu kuyajibu. Livingstone mwenyewe alijua hivyo. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Maelezo yake ya siku hiyo yaliyofika Uingereza yaliongeza shinikizo lililomfanya Sultani wa Zanzibar afunge soko la watumwa mwaka 1873. Kwa hiyo siwezi kusema taharuki ya gazeti haikuleta lolote. Ilileta. Macho yaliyokuja kumtafuta mtu mmoja yaliona, pembeni, maelfu. Lakini yaliwaona pembeni.

Hili ndilo shtaka la kwanza ninaloliweka dhidi ya taharuki, ya kitabuni na ya mtaani: inagawa huruma kwa upendeleo. Inamchagua mmoja wa kuhangaikiwa, na wengine inawafanya mandhari. Msomaji mwenye busara anaweza kujiuliza katikati ya riwaya yoyote, nani mwingine humu yuko hatarini ambaye mwandishi hajanishikisha taa yake?

Shtaka la pili ni zito zaidi, na ili tulifikie lazima tupite Unguja.

Mwaka 1960 ilichapishwa riwaya ya Muhammed Said Abdulla iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale. Ilikuwa imeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na kabla ya kuingia uandishi wa habari alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake na rafiki yake Najum, na ukoo wake na Sherlock Holmes hauhitaji kuelezwa. Lakini jina la kitabu ni la kigothiki kabisa. Mzimu ni mahali pa kutambikia, mahali ambapo mtu akikutwa amekufa kila mwenyeji ana jibu tayari. Riwaya iliyofuata ya Bwana Msa iliitwa Kisima cha Giningi, nayo Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mahali wanapokutania wachawi. Abdulla alijua alichokuwa anafanya. Alichukua hofu ambayo wasomaji wake walikuwa nayo tayari, akaiweka kwenye jalada, kisha akamleta mtu mwenye maswali.

Arthur Conan Doyle alifanya vivyo hivyo katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902. Kuna laana ya ukoo, kuna mbwa wa kuzimu anayetoa mwanga kinywani, na mwishowe inaonekana ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi na jirani anayetaka urithi. Hadithi ina zaidi ya miaka 120, sidhani namharibia mtu utamu. Kinachonivutia ni kwamba yule muuaji alitegemea hofu ya watu. Laana ilimfaa kwa sababu mtu akiamini kifo kimeletwa na laana, haulizi nani alikuwa anafuga mbwa.

Kwa maneno mengine, riwaya ya upelelezi inapoingia katika nyumba ya kigothiki haiji kuondoa hofu. Inakuja kuwachelewesha watu wasitoe jibu ambalo hofu imeshalitoa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki na mwandishi wa riwaya hizi, aliandika kanuni 10 za mchezo wake. Mbili zinanitosha hapa. Nguvu zisizo za kawaida zisitumike kama jibu, na mpelelezi asipate dalili yoyote bila msomaji kuonyeshwa mara moja. Knox alikuwa nusu anatania. Lakini zisome tena mbali na vitabu, ukizifikiria kama kanuni za kijiji, uone kama bado ni utani.

Vijiji vya Kigoma vinamjua mpelelezi wa aina nyingine. Anaitwa kamchape, na wengine humwita lambalamba. Si jambo jipya. Audrey Richards aliandika juu ya wachape waliopita Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930, na Roy Willis aliandika mwaka 1968 juu ya kamchape wa Ufipa, upande wa kusini wa ziwa hili. Katika miaka ya karibuni habari za makundi haya zimesikika tena mkoani Kigoma. Mpango wake hufanana. Kijiji kimepata vifo visivyoeleweka, watoto au vijana, mmoja baada ya mwingine. Watu wanachangishana. Vijana wanakuja, wanaingia nyumba kwa nyumba, wanachimba sakafuni au wanapekua dari, wanatoka na pembe, chungu, kitambaa chenye vitu ndani. Na mwenye nyumba anakuwa ametajwa. Kuna nyumba zilizochomwa, mifugo iliyochinjwa, watu waliojeruhiwa au kuhama.

Tukiyatazama haya kama hadithi, ambavyo ndivyo yanavyoendeshwa, tunakuta kila kifaa tulichokitaja. Kuna kifo, kuna nyumba yenye siri, kuna kitu kilichofichwa ukutani, kuna mtaalamu anayeingia akiwa na njia zake, na kuna umati uliokusanyika kusikia jina. Ni kigothiki na upelelezi, vimechezwa hadharani na watu halisi. Nami sitaki kuwacheka waliokusanyika. Huzuni yao ni ya kweli. Mtu aliyezika watoto wawili katika mwaka mmoja, bila zahanati kumpa maelezo yanayoeleweka, hana taharuki ya kujifurahisha. Ana swali linalomla usiku. Kosa haliko kwenye swali. Liko kwenye kasi ya jibu, na kwenye njia lilivyopatikana.

Dalili ya kamchape huonwa na kamchape peke yake mpaka anapoitoa mkononi. Hakuna aliyeiona ikiwa ukutani kabla hajaingia. Anayetajwa hapewi nafasi ya kusema alikuwa wapi, wala haulizwi mwingine aliyekuwa na ufunguo. Na anayetajwa, mara nyingi, ni yule ambaye kijiji kilikuwa tayari kumsikia akitajwa: bibi anayeishi peke yake, mgeni aliyefanikiwa haraka, ndugu aliyegombana na marehemu kuhusu shamba. Msomaji wa riwaya za upelelezi anamjua mtu huyu vizuri sana. Ni mshukiwa wa kwanza. Ndiye mwenye sura mbaya, ndiye aliyetishia watu sura ya pili, na uzoefu wetu wote wa vitabu hivi unatuambia kwamba si yeye.

Hapa ndipo naona thamani ya kimaadili ya aina hii ya fasihi, na naisema bila kuikuza. Riwaya nzuri ya upelelezi inatufanya tumshuku asiye na hatia, tena kwa furaha, kisha inatuonyesha tulivyokuwa wepesi. Inafanya hivyo mara tatu au nne katika kitabu kimoja. Mtu aliyesoma 20 za namna hiyo ameshahukumu watu 60 kimakosa bila kumdhuru hata mmoja. Sijui shule nyingine inayotoa mafunzo hayo kwa bei hiyo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo katika vitabu vyetu vya sheria, inahesabu kuwa kosa kumtangaza mwenzako kuwa mchawi. Lakini sheria huja jina likishatajwa. Anayeweza kulizuia jina lisitajwe ni jirani mwenye mazoea ya kusema, ngoja kwanza.

Kuna pingamizi, na ni pingamizi la haki. Je, riwaya hizohizo hazitufundishi pia kwamba kila kifo kina mkosaji, na kwamba mkosaji lazima apatikane kabla ya kurasa kwisha? Kijiji kinachotaka jina si kinafanya kile ambacho Bwana Msa hufanya kila mwisho wa kitabu, kukusanya watu na kunyoosha kidole? Duniani mtoto anaweza kufa kwa malaria, kwa maji machafu, kwa barabara isiyopitika mvua zikinyesha. Hakuna sura ya mwisho ambamo malaria inakiri.

Nakubali. Riwaya ya upelelezi inaahidi kitu ambacho maisha hayaahidi, na msomaji anayeisahau tofauti hiyo yuko hatarini kuwa na njaa ya kamchape huku akijiona msomi. Tunaiona njaa hiyo mitandaoni kila mtu maarufu anapofariki ghafla. Kabla ya maziko kuna orodha ya washukiwa, na waliosoma wako mstari wa mbele. Hawachimbi sakafu, ila wanapekua picha za zamani na kusema, tazameni, alivyosimama hapa. Dalili ambayo mtazamaji mmoja peke yake ndiye anayeiona ni ileile, iwe pembe au picha ya simu.

Hapa kigothiki kinakuja kusaidia, kwa njia ambayo wapenzi wa upelelezi hawaipendi. Pale kinapokuwa kizuri, kinatuachia kitu kisichofunguliwa. Kinajua kwamba hofu nyingine haina mtu nyuma yake wa kukamatwa, na kwamba nyumba inaweza kuwa na uzito kwa sababu ya yale yaliyotendeka humo kabla hatujazaliwa. Miembe ya Ujiji, ile inayosemekana kuotesha njia ya misafara, ni kigothiki cha aina hiyo. Hakuna fumbo pale. Tunajua nini kilitendeka na tunajua ni nani waliofaidika. Kinachobaki ni majina ya waliopita chini yake, na hayo hayatapatikana kwa upelelezi wowote. Anayepita pale akahisi kitu hahitaji mganga wala mpelelezi. Anahitaji kukaa na asichoweza kukijua.

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958 na kufariki 2008, alimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi wa kizazi kingine, Joram Kiango. Riwaya yake mojawapo ina jina ambalo ni swali: Tutarudi na Roho Zetu? Sijui kama alipoliandika alikuwa anawafikiria watu wa ufuko wa kwao. Lakini ni swali ambalo kila anayesukuma mtumbwi jioni ana haki ya kuuliza, na aliyebaki nyumbani pia. Ninachokipenda katika jina hilo ni nafsi ya wingi. Haulizi "atarudi?" kama mtazamaji aliyekaa salama akihesabu dakika za bomu. Anauliza "tutarudi?" Taharuki ya namna hiyo haina mtazamaji.

Hapo nadhani ndipo tofauti ninayoitafuta ilipo. Taharuki inakuwa mbaya inapokuwa ya watu walio salama juu ya mtu asiye salama, tena wakitaka haraka wapewe jina. Inakuwa na heri inapotufanya tusubiri pamoja na yule anayengoja kweli, na inapotufanya tuone aibu kidogo kwa jina tulilokuwa tumeshalitaja moyoni. Kitabu kinaweza kufanya lolote kati ya hayo mawili, na hadithi ya gazeti pia, na mazungumzo ya msibani pia.

Lugha yetu ina neno dogo linalobeba kazi hii yote. Kijana anaweza kumwinamia mzee wakati wa matanga, sauti ya chini, amuulize, "Babu, wanasema ni nani?" Na mzee anaweza kutaja jina, maana majina huwa hayakosekani. Au anaweza kusema, "Hatujui bado, mjukuu wangu." Neno bado halifungi mlango wa kujua. Linasema swali ni la haki na jibu linaweza kuja, ila halijaja, na usiku huu hakuna nyumba itakayochomwa kwa ajili yake.